Mtoto Asiye na Mtu: Neno Letu juu ya Msamaha wa Uhamiaji



Katika ziara zetu kwenye parokia za Kasulu na Kibondo tumekuwa tukiulizwa swali moja, mara nyingine hadharani, mara nyingi zaidi pembeni, baada ya kikao kufungwa kwa sala: je, Kanisa linataka wahamiaji wasamehewe? Anayeuliza huwa na jibu lake tayari. Wapo wanaosema kwamba walowezi waliozeeka vijijini mwetu waandikishwe, wapewe hati, na mambo yaishe. Wapo wanaosema waondoke wote, mkubwa kwa mdogo, halafu anayetaka kurudi arudi kwa njia ya halali. Katikati ya maneno hayo wamo watoto ambao hawakuja na baba wala mama, wala hakuna upande unaowataja isipokuwa kwa kutafuta nguvu ya hoja. Sisi wa Tume tumeona hapana budi tuseme tunavyoona, hata kama hatutampendeza kila msomaji.

Tuanze na jambo lililotufikia sisi wenyewe. Kiongozi wa jumuiya ndogondogo moja alituletea mtoto wa kiume, umri wake wapata miaka kumi na miwili. Alivuka mpaka na watoto wenzake wakitafuta kazi, wakatawanyika. Kwa miezi minane alichunga mbuzi wa mzee mmoja wa kijiji kile, akilala katika jiko la nje. Ahadi ilikuwa kwamba msimu ukiisha atapewa mbuzi jike mmoja awe mali yake. Msimu ulipoisha hakupewa mbuzi. Aliambiwa kwamba watu wa Uhamiaji wako njiani wanakuja. Mtoto alikimbilia katika shamba la mihogo akalala humo siku mbili, hata akina mama waliokwenda kuchimba wakamkuta. Hakukuwa na ofisa yeyote wa Uhamiaji aliyekuwa njiani. Na mwenye mbuzi ni mwamini mwenzetu, ambaye mchango wake wa kanisa hulipa bila kukumbushwa.

Tunalisimulia hili mapema kwa sababu mjadala wa wahamiaji huzungumzwa kana kwamba ni jambo baina ya Serikali na wageni tu, nasi tumekaa kando tukitazama. Si kweli. Mashamba mengi ya nchi hii ya juu hulimwa na mikono iliyovuka mpaka usiku. Wapo wanaowalipa vibarua hao kwa haki, na tunawashukuru. Wapo pia wanaongoja siku ya malipo ndipo wakumbuke kwamba kibarua hana kibali. Anayefanya hivyo kwa mtu mzima ni mdhulumaji. Anayefanya hivyo kwa mtoto, tumeshindwa kupata neno linalomtosha.

Sasa tutazame tulikotoka, maana kijana aliyezaliwa juzi hudhani mpaka huu uliumbwa pamoja na milima. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu walioana na watu wa ng'ambo ya Malagarasi tangu enzi za watemi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, anayezungumza moja humwelewa anayezungumza nyingine. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916, wakakaa mpaka mwaka 1921, ndipo eneo letu likawa chini ya Waingereza na Burundi ikabaki chini yao. Baada ya hapo babu zetu nao wakawa wahamiaji: utawala wa kikoloni uliifanya Buha kuwa chimbuko la vibarua, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakasafirishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakiitwa manamba. Wapo waliokwenda wakiwa bado wavulana. Ni familia ngapi hapa kwetu zisizokuwa na mjomba aliyepotelea pwani?

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta maelfu ya watu. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, lakini wengine walibaki hapa hapa Kigoma, vijijini, kwa wajomba na wakwe, wakapewa mashamba na wenyeviti wetu wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na wimbi jipya likaingia. Ndipo majina ya Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila na Muyovosi yakawa majina ya kambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya nchi yao. Mwaka 2015, baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Warundi walikuja tena: kwanza wakasongamana Kagunga ufukoni mwa ziwa, ambako kipindupindu kiliwaua baadhi yao, wakabebwa na meli ya Liemba mpaka Kigoma na kupelekwa Nyarugusu, na mwezi Oktoba mwaka huo Nduta ikafunguliwa upya. Katika kila wimbi wamo watoto waliofika peke yao. Wengine walizaliwa njiani, na wengine waliachiwa mkono katika giza wakati wa kuvuka mto.

Na katika kila wimbi kumekuwa na siku ya kuwakamata. Mwaka 1997 jeshi lilizunguka vijiji vya mkoa wetu na kuwakusanya makumi ya maelfu ya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Waliokusanywa si wageni wa jana peke yao. Walikuwamo waliokuja mwaka 1972, na waliokuwa wameoa au kuolewa na Watanzania. Wazee wa parokia wanakumbuka nyumba zilizobaki na sufuria juu ya mafiga. Mwaka 2013, Julai, Rais Jakaya Kikwete alitoa muda wa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na hati katika mikoa ya mpakani kuondoka au kuhalalisha ukaazi wao. Na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Wiki mbili! Mtu aliyeishi miaka arobaini atafute barua, apande basi, apange foleni, ajibiwe, katika wiki mbili. Hatudhani aliyepanga muda huo alikuwa amewahi kungoja hati yoyote katika ofisi ya wilaya.

Hapa tuombe ruhusa ya kusema kidogo juu ya neno. Magazeti na hotuba husema "mhamiaji haramu". Katika lugha yetu haramu ni kitu: mali ya wizi, biashara ya magendo. Likiwekwa juu ya mtu, tunajua lilivyotumika tangu zamani, maana mtoto haramu lilikuwa tusi la kumwadhibu mtoto kwa jambo walilofanya wazazi wake. Tunalirudia tusi lile lile kwa mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka. Kitendo kinaweza kuwa kinyume cha sheria, na mtenda aitwe kwa kitendo chake; lakini tunaziomba jumuiya zetu ziache kumwita binadamu haramu, hasa ndani ya sala za waamini, ambamo tumelisikia kwa masikio yetu.

Je, msamaha ni jambo geni katika nchi hii? La. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokimbia tangu machafuko yaliyoanza mwaka 1959, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa nishani ya Nansen. Kuanzia mwaka 2007 Warundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi yale matatu waliulizwa wanataka nini. Wengi mno walichagua kubaki, na takribani 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa walikaa wakingoja vyeti vyao mpaka mwaka 2014. Nchi haikubomoka. Wenzao waliojisambaza katika vijiji vya Kigoma hawakuwamo katika hesabu ile, eti kwa sababu hawakukaa katika makazi rasmi. Yaani aliyetunzwa na mashirika akapata cheti, na aliyejitegemea kwa jembe lake, akichangia zahanati na madarasa ya kijiji, akabaki na mashaka. Hapo ndipo sisi tunaposema kwamba kazi ilibaki nusu.

Hata neno msamaha lenyewe lina utata. Husamehewa aliyekosa. Aliyevuka mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake leo amepita miaka hamsini, pengine ana wajukuu, alikosa nini? Tunalitumia neno hili kwa sababu ndilo lililozoeleka, lakini tunachodai kwa watu wa namna hiyo ni haki iliyocheleweshwa. Kwa wengine, waliovuka wakiwa watu wazima bila kibali na kuishi kwa amani miaka mingi, ndiyo, ni msamaha, na dola yenye busara hujua wakati wa kuutoa.

Tuje kwenye sheria, kwa kuwa viongozi wetu wa walei huulizwa na hukosa la kujibu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 5, ukiisoma kama ilivyoandikwa inamhesabu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuwa raia, ikiwatenga wachache tu kama vile watoto wa wanabalozi. Katika utendaji, ofisi husoma kwa namna nyingine: hudai mzazi mmoja angalau awe raia. Hatutamaliza ubishi huo katika kijitabu hiki. Lakini shikeni jambo moja ambalo halina ubishi: mtoto aliyezaliwa hapa na mama Mtanzania ni raia, hata kama baba yake ni Mrundi, hata kama baba alikamatwa, hata kama hakuna ndoa. Tumekuta Kasulu akina mama ambao hawakuwaandikisha watoto wao kwa sababu waliambiwa mtoto hufuata kabila la baba. Hayo ni mambo ya ukoo. Mbele ya sheria, mwandikisheni. Anayeonewa katika jambo hili ni baba: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania hufunguliwa njia ya uraia kwa ndoa, bali mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hafunguliwi njia hiyo. Nyumba ile ile, kitanda kile kile, na mmoja bado hana pa kusimama.

Na yule asiye na mama wala baba? Uraia wa tajnisi huombwa na mtu mzima aliyekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka saba katika miaka kumi. Mtoto aweza kuombewa na mzazi au mlezi ikiwa mzazi ni raia. Kwa hiyo mtoto aliye peke yake hana wa kumwombea, wala hawezi kujiombea. Tangu Januari 2017, Serikali iliposimamisha utaratibu wa kuwatambua Warundi kwa makundi, mtoto wa namna hiyo alitakiwa kueleza kesi yake mmoja mmoja kama mtu mzima: alikimbia nini, lini, kwa nini. Mtoto wa miaka tisa huulizwa sababu za kisiasa za safari yake.

Lakini kuna sheria nyingine ambayo haisomwi sana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto yatangulizwe, asibaguliwe, na ana haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi wake. Haiulizi kwanza alizaliwa upande gani wa Malagarasi. Tena inaziwekea halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na ule wa Afrika mwaka 2003, na huo wa Afrika unataka mtoto aliyetengwa na wazazi alindwe na atafutiwe ndugu zake. Kwa hiyo mtoto asiye na mtu akifikishwa mbele ya mwenye mamlaka, mlango wa kwanza uwe Ustawi wa Jamii. Mahabusu na lori la kumrudisha mpakani usiku si mlango.

Hatudhani ugumu huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1986 Marekani iliwapa hati watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi huko bila kibali, na hadi leo Wamarekani hubishana kama walifanya vema. Mwaka 2014 zaidi ya watoto 68,000 walikamatwa wakiwa peke yao kwenye mpaka wake wa kusini, wengi wakitoka Honduras, Guatemala na El Salvador. Taifa tajiri kuliko yote lilitikisika kwa watoto hao, wanasiasa wakarushiana maneno, na watoto wakasimama mbele ya mahakimu bila mawakili. Tunapokumbuka kwamba Kigoma, mkoa ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa nyuma katika kila jambo la maendeleo, ulipokea zaidi ya Warundi 200,000 katika muda usiofika miaka mitatu tangu 2015, tunaona fahari, wala hatuoni aibu kuisema.

Fahari hiyo isitufanye tudharau malalamiko. Wanaopinga msamaha si watu wabaya, na wengine ni viongozi wa jumuiya zetu. Wanakumbuka miaka ambayo basi halikuthubutu kupita kati ya Kibondo na Kasulu bila askari wenye silaha, na abiria waliovuliwa hata viatu. Wanaonyesha misitu iliyokwisha kwa kuni za kambi. Wanauliza watoto wao watalima wapi. Wanahofu wapiga kura wasiostahili. Hayo yote yana msingi. Jibu letu ni kwamba jambazi hukamatwa kwa ujambazi wake, na mtu aliyeandikishwa, mwenye jina, picha na kitongoji kinachojulikana, ni rahisi kumpata kuliko yule anayejificha. Anayeogopa kuonekana hataripoti bunduki aliyoiona. Juu ya misitu na ardhi tunakiri kwamba hatuna jibu jepesi. Wenyeji wa vijiji vya jirani na kambi walipoteza vitu ambavyo visima, barabara na hospitali za kambini havikuvirudisha vyote, na uandikishaji wowote ukienda bila mpango wa ardhi utazaa ugomvi mwingine.

Liko jambo lingine ambalo wapinzani wa msamaha hawalipimi. Penye watu wasioandikishwa, hata mwenyeji hutiliwa shaka. Muha wa Kibondo akifika kizuizini njia ya Tabora huulizwa babu yake alizikwa wapi, kwa kuwa ulimi wake unafanana na wa Mrundi. Vijana wetu husota kupata kitambulisho cha taifa. Mwaka 2001 Serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, kuwa si raia. Ikiwa mtu wa kimo kile aliweza kuambiwa hivyo, mkulima wa Heru Juu atajitetea kwa nini?

Basi tunaiomba Serikali iwaandikishe walowezi wa vijiji vya Kigoma kwa muda wa kutosha, miaka na si wiki, ikipokea ushahidi wa wazee wa kijiji na vitabu vya ubatizo mahali ambapo hati hazipo. Tunaomba mtoto aliye peke yake asihesabiwe kamwe kuwa mkosaji wa uhamiaji, na asirudishwe kabla ndugu zake hawajapatikana na kuthibitika kwamba wanaweza kumpokea. Kurudi nyumbani ni jambo jema pale nyumba ipo.

Kwa parokia hatuombi, tunadai. Papa Pius XII aliandika mwaka 1952 kwamba Familia Takatifu katika uhamisho wa Misri ni kielelezo cha kila familia ya wakimbizi. Na Papa Fransisko aliiweka Siku ya Wahamiaji ya mwaka 2017 kwa ajili ya watoto wahamiaji. Tumeyasoma hayo mimbarani. Kila jumuiya iandike watoto wanaoishi katika nyumba zake bila wazazi, nani anawalea, wanasoma wapi au wanachunga nini, na orodha ipelekwe kwa kamati ya haki na amani ya parokia, kisha Ustawi wa Jamii. Mtunza vitabu vya ubatizo asimnyime cheti mtoto kwa kuwa baba hana hati. Na mwajiri anayemtisha mtoto kwa jina la Uhamiaji aitwe na baraza la wazee wa jumuiya, awe nani, mchango wake uwe kiasi gani.

Mzee wa mbuzi aliitwa. Kikao kilichukua jioni mbili. Jioni ya kwanza alikasirika, ya pili alinyamaza, na asubuhi yake alileta mbuzi jike mwenye mimba. Mtoto anakaa kwa familia moja ya jumuiya ile, kwa taarifa ya ofisa mtendaji wa kijiji na ya Ustawi wa Jamii, na anasoma darasa la pili pamoja na watoto waliomzidi ufundi wa kalamu na kupungukiwa kimo. Habari zake zilipelekwa Msalaba Mwekundu ili mama yake atafutwe. Jina la kilima chao analikumbuka; la tarafa halikumbuki, na vilima vyenye jina hilo ng'ambo vimeonekana vitatu. Mbuzi amezaa mapacha. Jibu kutoka ng'ambo bado halijaja.